Mbegu Isiyoyumba

Kabla sijafika mbali naomba tuelewane: nchi ninayoisimulia si yenu. Yenu naisikia redioni kila jioni, inaendelea vizuri mno, hongereni. Hii ni nyingine kabisa, iko huko nyuma ya milima, na mimi nimeifanyia kazi miaka mingi nikiwa mshereheshaji wa Wizara ya Kilimo. Ndiyo, Wizara ya Kilimo ilikuwa na mshereheshaji. Mabwana shamba haikuwa nao, bajeti haikutosha, lakini mtu wa kushika maiki na kusema "Mheshimiwa anaingia, tusimame wote" hakuweza kukosekana. Siasa mimi siijui. Nasema nilichokiona, na kama kuna mtu kitamwasha, ajikune kwao.

Mambo yalianza mwaka ule mvua ilipokosa adabu. Kipupweni, kule juu kwenye baridi, nyumbani kwa Rais, mahindi yalidumaa watu wakavuna majani. Matopeni, bondeni, mafuriko yalibeba mazao yakabeba na mabanda ya kuku. Lakini Kikaangoni! Kikaangoni ni wilaya ambayo hata mjusi hatoki mchana. Wenyewe walipanda mtama wao mwekundu wanaouita kaningo, mvua ikanyesha kidogo ikaondoka zake, na wao wakavuna. Si kwa wingi wa kutisha, hapana. Walivuna wakala, wakabakiza wa pombe. Kisha wakafanya kosa kubwa, wakaimba. Nyimbo zao zikarushwa redioni, na siku hiyo Rais alikuwa anasikiliza.

Wiki hiyohiyo akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "adui wa taifa hili si njaa. Njaa tumeizoea, ni ya kwetu. Adui ni kutofautiana. Haiwezekani katika nchi moja, chini ya bendera moja, na chini yangu mimi, huyu akavuna gunia na yule akavuna majani. Nataka mbegu moja. Mbegu isiyoyumba. Ipandwe mlimani iwe sawa, bondeni iwe sawa, kwenye ukame iwe sawa. Nataka mbegu yenye msimamo, kama mnavyonijua mimi."

Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Wengine tulilia, na waliochelewa kulia majina yao yalichukuliwa.

*

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuoanisha Mavuno. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri wetu, Mheshimiwa Zebedayo Mapande, aliyehamishiwa kwetu kutoka Michezo, mtu wa kuingia shambani na viatu vyeupe na kutoka navyo vikiwa vyeupe vilevile, maana alikuwa akiishia kwenye zulia. Mtaalamu wa kamati alikuwa Dokta Lwidiko, mkuu wa Taasisi ya Mbegu. Huyu alisomea mbegu ughaibuni mpaka nywele zikamwisha. Mtu mwema. Tatizo lake lilikuwa moja tu, akiulizwa swali anajibu.

"Mheshimiwa, jambo hili linawezekana," alisema siku ya kikao cha kwanza, akiwa amesimama wima mbele yetu. "Tunachukua mbegu za nafaka za kila aina. Tunazipanda pote, kwenye baridi, kwenye maji na kwenye ukame. Tunarudia msimu hadi msimu. Kisha tunaangalia ni ipi haimtupi mkulima hata mwaka ukiwa mbaya. Na pengine tutakuta kwamba huku inafaa hii, na kule inafaa ile."

"Rudia hapo mwisho," Waziri akasema.

"Huku inafaa hii, na kule..."

"Dokta!" Waziri akavua miwani. "Unataka kuniambia kuna mbegu ya watu wa huku na mbegu ya watu wa kule?"

"Kwa maana ya mazingira, Mheshimiwa. Udongo, mvua, jua..."

"Huo ni ukabila. Ukabila wa mbegu! Tumehangaika miaka yote hii mtu asiulizwe kwao ni wapi, leo wewe unataka tuiulize punje ya mtama?"

Wajumbe waliguna kwa uchungu. Mmoja alitoa leso. Dokta Lwidiko akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anashindwa kujibu, na nakwambia baada ya hapo akaendelea kujifunza.

Hata hivyo majaribio yakapitishwa, kwa sababu posho za safari zilikuwa zimeshapitishwa. Vituo vikawa Kipupweni, Matopeni, Kikaangoni, na bustani ya Ikulu, maana Ikulu nayo ni mazingira. Mbegu zikakusanywa. Mojawapo ililetwa na gari lenye king'ora: mahindi kutoka bustani ya Rais mwenyewe. Yalipewa jina la Umoja, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuyaita mahindi.

*

Kikaangoni kituo kiliwekwa kwenye shamba la mama mmoja anayeitwa Nyamizi. Lilichaguliwa kwa kigezo cha kitaalamu, yaani magari yalikuwa na pa kugeuzia. Nyamizi alikuwa mjane, mkavu wa mwili na mkavu wa maneno, analea wajukuu watatu wa marehemu binti yake. Wa mwisho aliitwa Limi, katoto ka kike kanachocheka hata kakianguka.

"Daktari," Nyamizi alimwambia Dokta Lwidiko siku ya kwanza, "mgongo huu unanisumbua tangu masika."

"Mama, mimi ni daktari wa mbegu."

"Mbegu zetu haziumwi. Umekuja kutibu nini?"

Dokta alicheka sana. Nadhani alikuwa hajacheka tangu ateuliwe. Nyamizi akamwingiza ndani, akamwonyesha kibuyu cha kaningo kilichozibwa kwa majivu, mbegu alizorithi kwa mama yake, anazochagua suke kwa suke kila mavuno. Dokta alizimimina kiganjani akaziangalia kwa muda mrefu. Nilimsikia akisema, karibu kwa kunong'ona, "Hizi mama, usimpe mtu." Mimi nilikuwa mlangoni nikijaribu maiki.

Msimu wa kwanza ulipoisha, mambo yalikuwa hivi. Kaningo ilisimama vizuri Kikaangoni, Matopeni ikaoza. Umoja ilinawiri Ikulu, ikajikongoja Kipupweni, ikazama Matopeni, na Kikaangoni ikafa ikiwa na majani matatu. Dokta alieleza hayo yote kwa upole, akapendekeza watu wa Kikaangoni waachiwe kaningo yao na wa Matopeni watafutiwe ya kwao.

Waziri alimsikiliza mpaka mwisho. Akamhurumia.

"Dokta, mbegu ya Rais haina kosa. Kosa ni la mazingira. Kuna mazingira yanaipendelea na kuna mazingira yanaionea. Kayasawazisheni."

"Mheshimiwa, mazingira ndiyo tunayopimia."

"Basi yapimieni yakiwa sawa."

*

Jamani, nchi ile ilikuwa na uwezo ikiamua! Matopeni walitandaza maturubai juu ya kituo kizima ili mvua isiguse, na vijana wakaajiriwa kuyashikilia. Kipupweni wakapanga majiko ya mkaa kati ya mistari, mimea ikaota moto. Kikaangoni ikapelekewa maboza ya maji kila asubuhi. Ikulu hapakuhitaji kitu, Ikulu pako sawa siku zote.

Maji ya maboza yalitoka kwenye kisima cha Kikaangoni chenyewe, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Boza linanyonya upande huu wa barabara, linamwaga upande ule. Umoja ikapanda, ikawa kijani, ikawafikia watu mabegani. Kina mama wakawa wanakuja na ndoo zao tupu kuiangalia, wamesimama nje ya uzio, na askari anawaambia wasiisogelee, wataipumulia.

Waziri alipokuja kukagua, Nyamizi aliomba kuuliza swali. Nilimpa maiki, sikujua.

"Mheshimiwa, samahani. Huyu mgeni wenu anakunywa kuliko sisi. Na sisi tukipewa mbegu yake, tutapewa na boza lake?"

"Mama, nikupongeze kwa swali zuri," Waziri akasema, akapanda gari akaondoka.

Lakini mambo mazuri hayakosi watu wa kuyahitaji. Rais alipanga ziara ya mikoani, na barabara zilikuwa na vumbi, kwa hiyo maboza yakaenda kumwagia barabara. Kisima nacho kilikuwa kimebaki tope. Umoja ya Kikaangoni ikakunja majani siku tatu ikalala. Matopeni, maturubai yalichukuliwa kwenda kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa Waziri aliyekuwa anaolewa. Sendofu ilifana, nilisherehesha mimi. Kituo kikabaki wazi mvua ikakisomba. Kipupweni walinzi waliongeza mkaa ili na wao waote, moto ukashika majani makavu, mpaka wanazinduka kituo ni majivu. Na kule Ikulu waliingia tausi. Kumfukuza tausi wa Ikulu si jambo la mtu yeyote tu, kunahitaji kibali, na kibali kilipotoka walikuwa wameshiba.

*

Kikao cha matokeo nakikumbuka kuliko harusi yangu. Waziri aliingia akiwa ameshajua kuna mtu atafukuzwa, kilichobaki ni kuchagua nani.

"Umoja, Kikaangoni?"

"Sifuri, Mheshimiwa," Dokta Lwidiko akajibu.

"Matopeni?"

"Sifuri."

"Kipupweni?"

"Sifuri, Mheshimiwa. Na Ikulu sifuri."

Waziri akainamisha kichwa. Alipokiinua, loo, uso ulikuwa unang'aa.

"Ngoja kidogo. Dokta, kati ya Kikaangoni na Ikulu, tofauti ni kiasi gani?"

"Hakuna tofauti, Mheshimiwa."

"Hakuna kubwa, au hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa."

"Kwa hiyo imeyumba au haikuyumba?"

Dokta akaangalia karatasi yake. "Kwa hesabu, Mheshimiwa... haikuyumba."

"Na ile kaningo?"

"Kaningo huko Kikaangoni, bila boza, imetoa vizuri. Matopeni haikutoa kitu, ila..."

"Inayumba!"

"Inayumba, Mheshimiwa, lakini inatoa."

"Sikukuuliza kama inatoa!" Waziri akagonga meza. "Rais hakusema anataka mbegu inayotoa. Leteni hotuba."

Hotuba ikaletwa, tukaisoma yote tukiwa tumesimama. Kweli, hakusema.

Wajumbe wakakumbatiana. Taifa lilikuwa limepata mbegu ambayo haijapata kuonekana duniani, haiyumbi hata kidogo, mlimani, bondeni wala Ikulu. Dokta Lwidiko peke yake alikuwa amekaa. Akanyoosha kidole.

"Mheshimiwa, nauliza tu. Mbegu yenyewe ya kuwapa wananchi itatoka wapi? Hatukuvuna hata punje."

"Wewe Dokta ni mtu wa kukatisha tamaa," Waziri akamwambia. "Hilo ni suala la utekelezaji."

*

Ikapita Sheria ya Kulinda Msimamo wa Mbegu. Kwa ufupi ilisema Umoja ndiyo mbegu, na nafaka nyingine yoyote inayoweza kuota ikabidhiwe serikali ikateketezwe, isije ikaleta tena tofauti. Malori yakatawanyika. Mimi nilikaa mbele kwenye la Kikaangoni, na spika juu.

Kwa Nyamizi walianza na mtama wa kwenye kihenge.

"Huo ni wa kula," akawaambia.

"Ukiupanda unaota?" askari akauliza.

"Unaota, kwa nini usiote?"

"Basi ni mbegu."

Wakaukomba wote. Wajukuu walisimama mlangoni wanaangalia, na Limi akawa anaokota punje zilizodondoka anazitia kinywani, mpaka askari akamwambia afungue mdomo. Nilimwambia yule askari mwache mtoto bwana, akaniuliza na mimi nina mbegu? Nikarudi kwenye spika yangu.

Kibuyu hawakukipata. Dokta Lwidiko alikuwa amekuja na gari lake kusimamia utaalamu wa zoezi, na Nyamizi akamvuta mkono wakaenda nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikijisaidia, kwa hiyo sikusikia kitu. Maneno yenyewe yalikuwa haya:

"Mwanangu, watarudi. Watachimba mpaka chini ya kitanda. Nikikuachia wewe kibuyu, nitakiona tena?"

"Mama, nitakiweka kwenye chumba cha baridi pale Taasisi. Nitasema ni sampuli. Mvua ikianza, njoo, nitakukabidhi mkononi."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Hiyo wanaapa na mawaziri. Apa kwa kitu kinachokuuma."

Dokta akashusha sauti. "Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Nikasikia kibuyu kinabadilisha mikono. Mimi nilimaliza haja yangu nikarudi kwenye lori, nikawatangazia wananchi kwamba zoezi linakwenda kwa amani na utulivu.

*

Uzinduzi wa Umoja ulifanyika kwenye viwanja vya Taasisi ya Mbegu, mwezi wenye joto kuliko yote. Kulikuwa na ngoma, brasi bendi, mabalozi, na mifuko mipya ya Umoja imepangwa kama ukuta. Mifuko ilikuwa mizuri, haki ya nani, ina picha ya Rais akitabasamu mbele na bendera nyuma. Ndani haikuwa na kitu, kwa sababu Umoja haikutoa kitu. Waziri aliinua mmoja kwa kidole kidogo.

"Angalieni! Tangu dunia iumbwe mama wa nchi hii anabeba gunia la mbegu shingo inapinda. Umoja, mtoto anabeba mifuko ishirini!"

Mabalozi wakaandika.

Kisha soda zikaja, na zilikuwa za moto. Waziri alionja akatema. "Mnataka kuninywesha supu?" Watu wa itifaki wakakimbia huku na huku, ndipo mmoja akagundua kwamba Taasisi ina chumba cha baridi. Kilikuwa kimejaa vibuyu, makopo na vifuko vya mbegu za nchi nzima, vya miaka na miaka. Wakavitoa vyote. Mbegu zikamwagwa uani, vyombo vikatupwa, kreti za soda zikaingizwa. Kuku wa nyumba za watumishi walifika kabla ya njiwa. Kilichobaki kilikanyagwa na brasi bendi, walipokuwa wakizunguka kuingia kwa upande ule.

Dokta Lwidiko wakati huo alikuwa jukwaani. Nilikuwa nimemwita mimi, kwa jina na vyeo vyote, aje apokee pongezi. Kutoka pale juu uani kunaonekana. Nilimwona anaangalia, mkono wa Waziri umeshika wake unautikisa. Niliumia, sitaficha. Lakini maiki ilikuwa mkononi na ratiba ilikuwa inasonga, nikatangaza kwamba vinywaji viko tayari na vimepoa.

*

Mvua ya mwaka ule sijapata kuiona Kikaangoni. Ilianza mapema, ikanyesha kwa mpango. Siku ya pili yake nilikuwa pale Taasisi nachukua spika zetu, nikamwona Nyamizi anaingia getini kwa miguu, kalowa mpaka kwenye mfupa, na anacheka. Alikuwa na khanga kavu ameikunja kwenye mfuko wa nailoni, ya kufungia kibuyu.

"Daktari! Imekuja! Nipe changu niwahi, udongo umeiva."

Dokta alisimama mlangoni pa ofisi yake. Akageuka, akaingia chumba cha baridi, akakaa humo muda, akatoka na chupa ya soda. Nadhani alishindwa kutoka mikono mitupu.

"Nini hii?"

"Soda, mama."

"Nimekuomba soda?"

"Kibuyu hakipo."

Nyamizi akamwangalia. "Umekiuza?"

"Hapana."

"Umezila?"

"Hapana, mama."

"Sasa kimekwenda wapi?"

"Walihitaji nafasi."

"Nafasi ya kuweka nini?"

Dokta alitazama chupa mkononi mwake, ikitoka jasho. Nyamizi naye akaitazama. Nikaona akielewa, polepole, kutoka machoni kushuka mpaka mabegani.

"Ungezila ningekusamehe," akasema. "Mtu akila mbegu ana njaa, hilo nalijua. Umeniapia mama yako."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nina watoto watatu nyumbani. Nitawaambia wakubwa wamezinywa?"

Akaifungua ile khanga kavu, akajitanda, akatoka akaingia kwenye mvua. Dokta alikaa kwenye ngazi akalia kwa sauti, mtu mzima na upara wake, na walinzi wakajifanya wanaangalia geti. Mimi nilipakia spika.

*

Kupanda kulikuwa kwa amri. Kila kaya ilipewa mifuko yake ya Umoja, ikahesabiwa, ikasainiwa, na siku ya kupanda askari alisimama kwenye kila shamba na filimbi. Filimbi ya kwanza, unachimba. Ya pili, unatia mkono mfukoni, unautoa, unaufungua juu ya shimo. Ya tatu, unafukia. Aliyeuliza mbona mfuko hauna kitu alielezwa kwamba teknolojia ya kisasa haionekani kwa macho ya kizamani. Aliyeuliza mara ya pili hakuuliziwa tena na mtu, alichukuliwa. Basi nchi nzima, mlimani na bondeni, watu waliinama wakafukia. Nyamizi naye aliinama. Mistari yake ilinyooka kuliko ya jirani yeyote, kwa sababu mikono ilikuwa imezoea kazi yake.

Mvua ikaendelea kunyesha vizuri, kwa heshima zote, juu ya mashimo. Magugu yalistawi ajabu. Watu wakala magugu, kisha mizizi, kisha wakawa wanachemsha ngozi za viti. Nilipita huko na gari la matangazo, nawahimiza wapalilie. Wapalilie nini, msiniulize mimi, mimi nilikuwa nasoma karatasi.

Limi alikufa majuma machache kabla ya sherehe za mavuno. Taarifa ya wilaya iliandika maradhi ya kawaida, na kusema kweli kwa mwaka ule yalikuwa ya kawaida. Alizikwa pembeni ya shamba la bibi yake. Kaburi lilichimbwa na bibi mwenyewe, wanaume walikuwa hawana nguvu za kuinua jembe.

*

Sherehe za kitaifa zilifanyika Kikaangoni. Matokeo yalikuwa yamekusanywa kutoka kila wilaya, na hakuna hata moja iliyoizidi nyingine. Salamu za Rais nilizisoma mimi. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza tangu tupate uhuru hakuna mkoa unaouonea wivu mkoa mwingine, na kwamba wataalamu waliobeza majaribio sasa wamepata jibu lao: kilichoonekana vituoni ndicho kilichoonekana mashambani, bila tofauti yoyote. Hilo lilikuwa kweli tupu. Dokta Lwidiko alikuwa amekaa safu ya nyuma, ameshika kofia magotini.

Kisha tukafika kwenye zawadi ya Mkulima Bora wa Taifa. Wakaguzi walikuwa wamezunguka nchi nzima, na kwa kuwa mavuno yalilingana, waliangalia unyoofu wa mistari. Nikaita jina la Nyamizi. Alikuja taratibu, ameshikiliwa na wajukuu wawili. Waziri akamvisha shada, akamkabidhi zawadi yake, mifuko kumi ya Umoja, akaniashiria nimpe maiki.

"Mama," nikamwambia, "waeleze wakulima wenzako. Umoja umeilimaje mpaka ukafika hapa?"

Aliishika maiki kwa mikono miwili. Hakuwa na haraka.

"Nilichimba shimo," akasema. "Nikafungua mkono. Nikafukia. Nikachimba jingine, nikafungua mkono, nikafukia. Nimechimba mashimo mengi mwaka huu. Yote nimeyafukia hayana kitu, isipokuwa moja."

Waziri akaruka kwa furaha. Akaninyang'anya maiki ya akiba.

"Mmesikia? Isipokuwa moja! Mama anasema moja lina kitu! Dokta, uko wapi, andika hilo, Kikaangoni imevuka lengo! Mama, hebu waambie wageni wetu, hilo moja ulilipandaje?"

Nyamizi alimgeukia. Spika zilikuwa za Wizara, nzuri, zinafika mbali.

"Hilo ni la mjukuu wangu," akasema.

Waziri alinitazama mimi. Ni kazi yangu kujaza kimya kikitokea. Nikasema, "Tumpigie makofi mama yetu."

Wakapiga waliokuwa na nguvu.